Kitinda wa Asubuhi

Hasira ya Dada haikuanza na mashine. Tusiisingizie mashine, jamani. Ilianza zamani, na lile jina la mdogo wake, jinsi mama yao alivyokuwa akilitamka: Kitindamimba wangu, Kitinda wangu, kama mtu anayelamba kijiko cha asali. Dada yeye alikuwa Dada tu. Dada lete maji. Dada nishike mkono. Dada, nani kaacha mlango wazi? Alikuwa mwanamke mzima, fundi wa mapazia mwenye cherehani yake na wateja wake, na bado ndani ya nyumba ile jina lake lilikuwa kama kengele ya kumwitia mfanyakazi.

Mama alikuwa haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya jicho moja, ikapumzika kidogo, ikarudi kuchukua la pili. Lakini masikio! Wee, masikio ya mama yule ungeyaogopa. Alikuwa opereta wa simu enzi za swichibodi, zile za kuchomeka nyaya, ambapo ukitaka kuongea na mtu lazima kwanza umpitie yeye. Alijua nani kalewa, nani anadanganya kwamba yuko kazini, nani anampigia mke wa mwenzake. Alistaafu na siri za mji mzima tumboni, na majivuno yake juu. Mtu akikohoa nje ya geti, mama alimtaja kwa jina kabla hajabisha hodi.

Kila asubuhi, vikombe vya chai vikiwa bado mezani, simu ya mama ililia. Alikuwa Kitinda. Kitinda aliyehamia jiji jingine, mwenye ofisi ya vioo na gari linalojifunga lenyewe, miaka yote akipiga simu mara moja katika mwezi na kuikata kabla mama hajamaliza kusalimia, sasa alipiga kila siku ya Mungu. Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka imesaidia? Jana ulisema hukulala vizuri, leo je? Alikumbuka kila kitu. Alicheka mahali pa kuchekea. Hakuwa na haraka hata chembe. Mama aliongea naye huku uso umemchanua, na Dada amepiga magoti chini anamvisha soksi.

"Mwenzio hanisahau," mama alisema kila simu ilipokatika. "Kazi zote zile, lakini hanisahau."

Na anayekuogesha ni nani? Anayekukata kucha? Dada hakusema. Alivuta soksi ya pili kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Basi siku moja, mama yuko kwenye kiti chake anaongea na Kitinda kwa spika, Dada yuko kwenye cherehani anapinda pazia la mteja msumbufu, simu yake mwenyewe ikaita. Akatazama jina. Kitinda.

Akadhani amekosea kusoma. Akapokea.

"Dada, sikia, niko uwanja wa ndege, nina haraka. Cheti changu cha kuzaliwa kiko humo kwenye kabati la mama. Kipige picha unitumie sasa hivi." Nyuma yake palikuwa na makelele ya watu na masanduku. "Na nyie wahudumu vipi, nimesema kahawa bila sukari! Bila sukari! Dada, unanisikia?"

Dada alikuwa anamsikia. Tatizo ni kwamba alikuwa anawasikia wawili. Sikio la kulia Kitinda anamfokea muuza kahawa. Sikio la kushoto, hatua chache tu kutoka pale, Kitinda anamwambia mama kwa sauti ya upole, "Pole, mama yangu. Ukikaa sana ndiyo goti linakaza. Dada akutembeze kidogo uani."

Akainuka taratibu, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake.

"Kitinda. Ni nani anaongea na mama?"

Kicheko. Alicheka, mshenzi yule.

"Ahaa, hiyo! Ni programu, dada. Nilikaa nayo nikairekodia sauti yangu, nikaipa mambo ya nyumbani, sasa inajifunza yenyewe. Inampigia mama, inajibu meseji za ndugu, ile mijadala yao isiyokwisha. Mimi napata muhtasari tu. Hata sisomi, kusema kweli."

"Umemwachia mama mashine?"

"Usianze, dada. Mama anafurahi, hafurahi? Mimi ningempigia ningesahau hata goti ni la mguu gani. Hiyo haisahau. Inampenda kuliko mimi ninavyoweza." Akacheka tena. "Hata wewe ningekuwekea usingejua. Haya, cheti basi, wananiita."

Akakata.

Dada alisimama pale uani ameshika simu, masikio yanamchoma. Kilichomuuma si kwamba mama anadanganywa. Kilichomuuma, tuseme ukweli, ni kwamba miezi yote ile alikuwa akishindanishwa na bati, na bati lilikuwa likimshinda. Alikuwa amepiga magoti akivisha soksi na bati ndilo linasifiwa.

Angeweza kuingia ndani palepale akasema, mama, huyo si mtoto wako. Alifika mpaka mlangoni. Akamwona mama anacheka, mkono kifuani, akiliambia bati habari ya paka wa jirani. Akajiambia, hapana, sasa hivi ni mapema. Sasa hivi mama atalia siku mbili, Kitinda ataomba radhi, atatuma zawadi, na mambo yatarudi kuwa yaleyale. Neno hili nitalitunza. Nitamwonyesha cha mtema kuni, tena mbele za watu.

Akaingia, akapiga picha cheti, akatuma. Akaandika chini yake: safari njema mdogo wangu.

Kuanzia siku ile akawa na Kitinda wawili kichwani. Wa asubuhi na yule mwingine. Wa asubuhi alimsikiliza kwa makini akishona, na kadiri alivyomsikiliza ndivyo alivyomchukia yule mwingine zaidi, kwa sababu wa asubuhi alikuwa mtu mzuri. Hata yeye Dada alikuwa akiulizwa hali. "Dada hajambo? Mapazia yanaenda?" Kitinda halisi hajawahi kuuliza habari ya pazia hata moja tangu azaliwe.

Kisha mjomba akafa.

Alikuwa kaka yake mama wa pekee, mtu wa mizaha, aliyemlea Kitinda likizo zote za shule na kumfundisha kuendesha baiskeli. Alianguka akiwa anachota maji, na hakuinuka. Asubuhi iliyofuata simu ilipolia, mama mwenyewe alimwambia Kitinda wa asubuhi, kwa sauti iliyokatikakatika, na Kitinda huyo akalia. Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi. Akasikia sauti ya mdogo wake ikipasuka, ikisema mjomba, mjomba wangu jamani, pole mama, pole sana. Nywele zikamsimama.

Sasa hapa ndipo Dada alipofanya alichofanya. Yaani hakufanya kitu. Hakumpigia Kitinda halisi. Alichukua simu, akalitafuta jina, akakaa analitazama. Mwili wa mjomba ulikuwa umelazwa chumba cha nyuma, wanaume wanaingia na kutoka. Kisha akairudisha simu mfukoni. Kwani hajaambiwa? Si ameambiwa na mama yake mzazi? Si amelia? Ndugu nao walimwandikia, na kila mmoja akajibiwa maneno matamu ya rambirambi, hata shangazi mkubwa akasema kijana yule ana utu. Hakuonekana mazishini, mama akamtetea mbele ya watu. Kazi imembana, alisema, lakini kalia sana mwanangu, nimemsikia mwenyewe.

Dada aliinamisha kichwa. Waombolezaji walidhani ni uchungu.

Baada ya msiba mama alikuwa mtulivu kuliko kawaida. Bado alipokea simu za asubuhi, ila kicheko kilipungua, na Dada akasema moyoni ni majonzi. Naye alikuwa na kazi nyingi. Hoteli moja ilikuwa imeagiza mapazia ya ghorofa nzima, na wateja wa siku hizi hawaji dukani, wanakutumia picha, wanabadili rangi, wanataka jibu sasa hivi. Simu ilikaa mkononi mwake tangu alfajiri. Akimwogesha mama aliiweka juu ya dirisha la bafu, akamwaga maji kwa mkono mmoja na kujibu kwa mwingine. Mama akisema jambo, alisema ee mama, sawa mama. Kazi ni kazi. Pesa za dawa zingetoka wapi?

Siku ikafika, na ilifika yenyewe, Dada hakuhitaji kuitafuta.

Kitinda alitaka kuoa. Baba wa mchumba wake alikuwa mzee wa msimamo, mmoja wa wale wanaokutazama viatu kabla ya uso. Alishasema waziwazi kwamba binti yake hampi mwanaume asiyemjali mama yake. Kitinda akamwapia kwamba yeye humpigia mama kila asubuhi, haipiti siku. Mzee akapendezwa. Akasema, basi twende nikamsalimie huyo mama, nimsikie kwa mdomo wake.

Kitinda alimpigia Dada kumwandaa. Alimpigia Dada. Kwa mama hakupiga.

"Pika vizuri, dada. Panga sebule. Na habari ya ile programu, tafadhali, mdomo fumba. Ni siri yetu."

"Mimi?" Dada akasema. "Niseme nini mimi?"

Alifua vitambaa vya viti, akatundika mapazia mapya aliyojishonea kwa mara ya kwanza maishani. Alipika kama mtu anayeandaa sikukuu. Alijawa na furaha, na hakuionea haya furaha hiyo. Mpango wake ulikuwa mdogo tu. Wakishakula, yeye mwenyewe ataanza kumtaja marehemu mjomba, taratibu, na kumwacha Kitinda ajikaange kwa mafuta yake. Jambo moja tu lilimhangaisha. Kitinda alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na ule muhtasari. Akipata nafasi ya kuchungulia, ameokoka.

Wageni walipoingia, Dada aliwapokea mlangoni na kapu.

"Karibuni sana. Samahani, simu zenu mniwekee humu. Mama alikuwa opereta, mlio wa simu ukilia anashtuka mno. Nitawatunzia chumbani."

Baba mkwe akaangua kicheko, akasema hilo ndilo neno, nyumba zote zingekuwa hivi. Akaitoa yake wa kwanza. Mchumba, msichana mpole mwenye macho makubwa, akaitoa yake. Kitinda akasita.

"Mimi nasubiri ujumbe wa kazi, dada."

"Jumamosi?" mzee akauliza.

Akaiweka kapuni. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kama wa mtu aliyenyang'anywa fimbo ya kutembelea.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, amevaa gauni la kijani, mikono magotini. Kitinda akaenda akainama mbele yake. "Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba." Mama akageuza kichwa, akamtegea sikio. "Sema tena."

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Kitinda wako."

"Marahaba, baba. Kaeni."

Wakala. Mzee alisifia kila kitu, akatania, mama naye akajibu mizaha, sebule ikachangamka. Kitinda alicheka kupita kiasi. Kila baada ya muda mkono wake ulienda mfuko wa suruali wenyewe, ukakuta patupu, ukarudi. Mchumba aliongea naye mara mbili akamwomba arudie. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, anakusanya maneno yake ya kwanza, karibu ayaseme, na mama akamtangulia.

"Mzee mwenzangu," mama akamwambia baba mkwe, "nimesikia unataka kujua kama kijana huyu ananijali."

"Nimeambiwa anakupigia kila siku."

"Kila siku. Hata jana tumeongea sana. Eti, Kitinda? Tuliongea nini jana?"

"Jana... tuliongea mambo mengi, mama. Goti."

"Goti lilipona tangu mvua. Lakini hewala, mtu husahau." Sauti ya mama ilikuwa laini, ile ya zamani, ya kuuliza unataka nikuunganishe na nani. "Na mjomba wako? Utapita kumsalimia kabla hujaondoka?"

Kijiko cha Dada kilisimama hewani. Hakuwa amemwambia mama kitu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kitinda akaona upenyo, maskini, akaurukia. Uso ukamng'aa. "Bila shaka, mama! Nimpitie leo hii jioni. Mjomba huyo mchumba wangu lazima amwone, ni mcheshi balaa. Alinifundisha baiskeli," akamgeukia mchumba, "utampenda. Mama, hajambo lakini?"

Mama alikuwa ameinamisha uso kidogo, kama zamani alivyokuwa akisubiri laini iunganike.

"Mjomba wako tumemzika," mama akasema.

Kitinda akageuka. Akamtazama Dada. Dada akamtazama machoni, hakupepesa. Kumbe kisasi ni kitamu hivi! Kilimshuka kooni kama maji ya baridi.

"Nilikwambia mimi mwenyewe," mama akaendelea. "Kwa simu. Mwanangu akalia. Akaniambia pole. Ukoo mzima nimewaambia mwanangu kalia. Sasa wewe uliyekaa hapa, unayetaka kwenda kumsalimia maiti, wewe ni nani?"

"Mama, ni mimi, kuna... ni programu tu, nilikuwa na kazi nyingi, nilitaka usijisikie mpweke..."

"Programu?" baba mkwe akauliza.

"Inapiga kwa sauti yangu, mzee, ni teknolojia ya kawaida tu siku hizi..."

Mzee hakusubiri mwisho. Akainuka, akakunjua koti lake. Mchumba alikuwa analia kimyakimya, na alipopita mbele ya Kitinda alisema jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayehesabu yaliyopita.

"Na mimi? Zile meseji zako za usiku mwema, ni wewe?"

Kitinda alianza kutafuta maneno, na hilo likawa ndilo jibu. Dada akawaletea kapu, wakachukua simu zao, wakaaga kwa adabu, wakatoka. Kitinda akawakimbilia. Wakasikia geti, wakasikia mlango wa gari, wakasikia Kitinda akiita jina la msichana barabarani mpaka sauti ikakauka. Alirudi kuchukua simu yake. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Mama, nisamehe."

"Nisamehe ya nani?" mama akasema. "Nenda. Atanipigia asubuhi."

Akaenda.

Dada alianza kukusanya sahani. Alitamani kupiga vigelegele. Alitamani kucheza mbele ya mapazia yake mapya. Badala yake akasema, kwa sauti ya kujifanya, "Mama, ulijuaje?"

"Siku ya msiba." Mama alitoa leso, akaifunga kidoleni. "Nimesikiliza watu wakilia kwa simu maisha yangu yote. Wa kufiwa, wa kuachwa, wa kufukuzwa kazi. Mtu akilia kweli pua hujaa. Anavuta kamasi, anakohoa, anakuomba usubiri. Huyu alilia mpaka mwisho na pua kavu. Mwanangu akilia tangu mtoto anavuta kamasi kama bomba. Nikajua naongea na bati."

"Sasa mbona uliendelea kupokea?"

"Kwa sababu lilikuwa linaniuliza." Mama akamgeuzia uso. "Na wewe, ulijua tangu lini?"

Dada akaziweka sahani chini. Sebule ilikuwa ndogo sana ghafla.

"Nilijua... kabla ya msiba, mama."

"Kabla. Nikiwa nalia na bati, ulikuwa umesimama mlangoni na beseni. Nilikusikia. Maji yalitikisika." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Uliniacha nilie na bati ili upate siku yako ya leo. Umeipata? Imekolea?"

"Mama, nilitaka aaibike mbele za watu. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu! Nikuulize nawe, maana leo ni siku ya maswali. Juzi bafuni nilikwambia jambo. Nililisema polepole. Ukaniambia ee mama, sawa mama. Nilikwambia nini?"

Dada akatafuta. Aliiona juzi, aliyaona maji, sabuni, mgongo wa mama. Aliiona simu juu ya dirisha, na ujumbe wa hoteli kuhusu pindo la kijivu, neno kwa neno. Sauti ya mama hakuiona popote.

"Mama, niambie tena."

"Sisemi mara mbili."

"Mama tafadhali, ni jambo gani?"

"Kamuulize anayekumbuka," mama akasema, akageuza uso ukutani, na siku ile nzima hakumpa neno jingine.

Asubuhi, simu ya mama ilipolia, ilikuwa mezani sebuleni, na mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa. Dada aliiacha iite. Ikaita. Akaichukua kama mtu anayeshika chura.

"Shikamoo, mama yangu. Umeamkaje?" Sauti ileile, laini, isiyo na habari ya jana, isiyojua kwamba imemkosesha mke mwenye sauti hiyo.

"Si mama. Ni mimi, Dada."

"Dada! Leo nina bahati. Ile kazi ya hoteli imekwisha? Mama alisema hulali, unashona mpaka macho yanakuwa mekundu. Pole sana, dada yangu."

Macho yakamchoma. Aliyachukia machozi yale kwa sababu ya yule aliyeyatoa. Miaka yote aliyokaa ndani ya nyumba ile, neno pole ndiyo kwanza analipata, na anapewa na bati.

"Sikiliza," akasema. "Juzi mama aliniambia jambo akiwa anaoga. Alikwambia ni nini?"

"Ndiyo, alinieleza. Kifua kinambana akitembea, kama amebebeshwa jiwe, na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Nilimsihi akwambie mara moja. Akasema amekwambia, na umesema sawa, utampeleka hospitali." Sauti ikasita kwa upole, kama anavyopaswa mtu mwema kusita. "Mmekwenda, dada? Daktari amesemaje?"

Dada aliitupa simu juu ya kochi ikiwa bado inauliza. Akausukuma mlango.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa, viatu miguuni, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Jasho lilimsimama juu ya mdomo. Alikuwa amekaa hivyo, ametega sikio, haijulikani kwa muda gani.

"Limekujibu?" mama akauliza.

"Mama, kwa nini hukuniambia jana? Kwa nini?"

"Nilitaka ukasikie kwa bati. Ujue inavyouma." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Haya. Yamekwisha. Nishike mkono twende."

Dada alipiga magoti pale chini. Akaushika mkono uliokuwa karibu, wa kushoto, akaubana kwa viganja vyake vyote viwili, akaubana kweli.

"Nimekushika, mama."

Mama akageuza kichwa, akasikiliza.

"Wapi?" akauliza.